Maswali mnayoniuliza kila wiki: kuunda ndege kubwa ya rimoti kutoka kwa ramani, ukiwa Nakuru ama Kisumu

Nimeamua kuandika hii manake maswali ni yale yale na vidole vimechoka. Niko Nakuru, mchana natengeneza fanicha, jioni na Jumapili baada ya kanisa naunda ndege. Nimemaliza mbili kubwa, moja bado inaruka, nyingine iko juu ya dari ikiwa vipande na nitawaambia ilifikaje huko. Mengi ya hapa chini yanarudi kwa jambo moja: ramani karibu zote tunazotumia zilichorwa na watu wanaoishi chini karibu na bahari, na balsa, ile mbao nyepesi sana ya kuundia ndege ndogo, wananunua dukani kama mkate. Sisi hiyo hewa hatuna na hiyo balsa pia hatuna.

Ndege "kubwa" ni kubwa kiasi gani?

Kule Marekani kuna chama cha watu wa ndege kubwa kinaitwa IMAA, na kipimo chao ndicho wengi tunafuata: ya bawa moja ianzie inchi 80 ncha hadi ncha, yaani mita 2.03, ya mabawa mawili juu na chini ianzie inchi 60, ama iwe robo ya ndege halisi. Kipimo changu mimi ni rahisi, ikikataa kuingia kwa Probox bila kung'oa mabawa, hiyo ni kubwa.

Si hiyo ni drone tu?

Hapana. Drone ukiachilia mikono inakungoja hapo hapo hewani, kompyuta inaishikilia. Hii ukiachilia mikono inaenda zake.

Nahitaji ruhusa?

Kwa macho ya serikali, kitu kinachoruka bila mtu ndani ni shughuli ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kuna kanuni za mwaka 2020 za vyombo kama hivyo. Kwa hivyo anza nao kabla hujatuma pesa yoyote nje, uulize kuhusu kuingiza, kusajili na mahali pa kurusha, usianze na kununua halafu mzigo ukwame kastamu ndio ukumbuke sheria. Na hata ukiwa na karatasi zote, kaa mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Kisumu, na kambi ya jeshi pale Lanet, na mbuga ya Lake Nakuru. Hapo kwa mbuga kuna watu wanafikiria kupiga flamingo picha kutoka juu ni jambo dogo tu. Si dogo.

Nianze na ndege gani?

Piper Cub. Najua hujafurahia hilo jibu, ulitaka Spitfire, ile ndege ya vita, kila mtu hutaka Spitfire. Lakini Cub ina bawa refu lililonyooka, magurudumu yake yako mbali mbali kiasi cha haja, pua ni rahisi, na ukikosea kidogo inakusamehe. Pia si mgeni hapa kwetu, KWS, wale wa wanyamapori, wametumia ndugu yake Super Cub miaka mingi kufuata ndovu na majangili, wazee wengi wanaitambua ikipita.

Hesabu zake ni hizi na nataka uzishike manake nitazirudia. J-3 Cub halisi ina bawa la mita 10.74 na uzito wake wa mwisho wa kuruka ni kilo 553 hivi. Ukiiunda robo, bawa linakuwa mita 2.69. Uzito haugawanywi kwa 4, unagawanywa kwa 4 mara tatu, yaani 64, manake urefu umepungua na upana umepungua na kimo kimepungua. 553 gawa kwa 64 unapata kilo 8 na nusu hivi, na huo ndio mpaka wako. Mtu akiniambia Cub yake ya robo ina kilo 12 namwambia pole.

Kuna jamaa mmoja wa Kisumu kila tukikutana anataka kuunda ile ndege-boti kubwa ya Imperial Airways, Short Empire, zilizokuwa zikitua Ziwa Victoria hapo Kisumu kuanzia 1937. Bawa lake lilikuwa mita 34.75, injini nne. Hata ukipunguza mara 12 bado bawa ni karibu mita 2.9. Itakuwa kitu kizuri sana na natamani kuiona, ila si ndege ya kwanza wala ya pili. Ukitaka historia iliyo rahisi kidogo, tafuta ramani ya Gipsy Moth, Wilson Airways walianza nayo Nairobi 1929, mabawa mawili, robo yake ni mita 2.29 tu.

Ramani natoa wapi, na naprinti wapi?

Ziko za kununua, na ziko za zamani za bure kwenye tovuti ya Outerzone, PDF tupu. Kuprinti, nenda mahali wanaprinti michoro ya majengo, wale wanaohudumia maakitekti, wako na mashine ya karatasi ya roli. Usiende kwa saiba ya kawaida ukaprinti A4 sitini na ugamu na selotepu, nimefanya, mistari haikutani.

Sasa sikiza kwa makini. Ukifika hapo mwambie kijana wa mashine "asilimia mia", na usiondoke kabla hujapima mwenyewe kwa rula. Ramani yangu ya kwanza ilitoka ikiwa imepunguzwa ili itoshee karatasi, asilimia 97, kwa macho huwezi kujua, ni ndege ile ile tu. Nikajenga mkia wote. Nikajenga bodi. Nikaja kugundua siku nilileta kipande cha kushikia injini ambacho nilinunua kikiwa tayari kimekatwa, mashimo yakakataa kukutana, nikafikiri kile kipande ndicho kibaya, nikakikwaruza na tupa karibu saa nzima nikiwalaani waliokikata. Ndio mke wangu akapita na futi yake ya kushonea, kwa ramani kuna mstari umeandikwa milimita 100, akaupima akasema, "Baba Njeri, hii ni 97." Nikakaa chini. Sasa nabeba rula ya chuma mfukoni nikienda kuprinti, na napima upande wa urefu na upande wa upana zote mbili, manake kuna mashine zinavuta karatasi upande mmoja.

Niko na ramani ya ndege ndogo ya mita 1.35, naweza kuipanua mara mbili?

Unaweza kupanua umbo, si mbao. Ukiipanua mara 2, eneo la bawa linakuwa mara 4, lakini ukipanua na unene wa kila kijiti uzito unakuwa mara 8. Kwa hivyo panua nje, halafu ukae chini na penseli uchore ndani upya: kijiti cha milimita 6 si lazima kiwe cha 12, pengine kinatosha kikiwa cha 8 na kuwekewa viunzi vya kukaza. Kama hujawahi kumaliza ndege kubwa hata moja, tafuta ramani iliyochorwa kwa ukubwa huo tangu mwanzo.

Balsa inapatikana Kenya?

Ya kuagiza ndiyo, ukiwa na pesa na subira. Balsa nyingi ya dunia inatoka Ekwado. Mimi nilikataa kuilipia kwa sababu nashinda na mbao siku nzima, nikaamua nitaunda na saiprasi.

Saiprasi kavu ni nzito kuliko balsa mara tatu hadi nne hivi, kwa hivyo huwezi kuchukua ramani ya balsa ukaibadilisha kipande kwa kipande, utaunda kabati. Lakini ni ngumu zaidi pia, na uzito na ugumu wake uko karibu na spruce, mbao ambayo Wazungu walikuwa wanaundia ndege halisi. Kwa hivyo jenga vile ndege halisi zilijengwa: vijiti vyembamba, pembetatu nyingi, na vipande vidogo vya plaiwudi kwa kila kona. Usiweke ubao mahali pembetatu inatosha.

Kuchagua mbao ndio kazi yenyewe. Pale kwa mbao usichukue ile jamaa anakuchomolea juu, omba upekue mwenyewe, utaonekana una maringo lakini vumilia. Angalia nyuzi zake, zikimbie kutoka mwisho hadi mwisho bila kutoka pembeni, na pasiwe na fundo. Kwa ubao wa futi 12 unaweza kupata futi 4 tu za maana, hiyo nyingine itengeneze stuli. Halafu mbao zetu huuzwa mbichi. Mimi napasua vipande vinene, napanga ndani ya nyumba na vijiti katikati ili hewa ipite, nangoja miezi mitatu au zaidi ndio nachana vijiti vyenyewe. Usiweke sakafuni, mchwa hawajui ni ya ndege.

Kila kijiti cha boriti ya bawa nakipima hivi: naegemeza kwa viti viwili vilivyoachana mita moja, naning'iniza chupa ya maji ya lita moja katikati, napima kimeinama kiasi gani. Vyangu vya milimita 6 kwa 12, vikisimama kwa upande wa 12, huinama sentimita 2 na nusu hivi. Kinachoinama sana hakiingii kwa bawa. Kinachotoa sauti ya kupasuka, asante, afadhali umeniambia mapema. Halafu nachagua vinne vinavyofanana nagawa viwili kushoto viwili kulia, ndio bawa moja lisiwe laini kuliko lingine.

Na ile miti myepesi ya ziwani?

Ambachi. Wale wa Baringo hutengenezea viboti vya kuvulia samaki, na hata Ziwa Victoria iko. Ni nyepesi sana kweli, nimeishika, ni kama umeshika hewa iliyoganda. Ila haina nguvu ya kubeba, imejaa uwazi kama sponji. Nimechonga ncha za mabawa nayo na kona za pua, mahali pa kujaza umbo tu, na inachukua msasa vizuri. Boriti usijaribu.

Gundi?

Gundi nyeupe ya mbao kwa sehemu kubwa, ile nzuri ya maseremala. Epoksi kwa ukuta wa injini, miguu ya magurudumu na mahali mabawa yanashikana na bodi, tena ile inayokauka polepole, ya dakika tano ni ya dharura. Superglu ya kioski ni ya kushikilia tu huku ukingoja gundi ya kweli. Gundi nyingi si nguvu nyingi, ni uzito.

Najengea wapi? Sina meza ya mita tatu.

Nunua flashi doo, mlango ule wa bei ya chini ulio laini pande zote. Umenyooka, unachukua pini, na bawa la Cub linajengwa nusu nusu kwa hivyo mita 2 inatosha. Ulaze kwa tresto, tandika ramani, juu yake nailoni nyepesi ili gundi isishike karatasi. Ukimaliza jioni unausimamisha ukutani watoto walale.

Nakataje mbavu za bawa?

Kama una balsa ama plaiwudi nyembamba: kata vipimio viwili vya plaiwudi ngumu kwa umbo la ubavu, weka vipande vyote katikati kama sandwichi, piga bolti mbili, halafu piga tupa na msasa zote kwa pamoja mpaka ufike kwa vipimio. Zote zinatoka mapacha.

Mimi natumia vijiti. Nilichora ubavu kwa ubao, nikapiga misumari midogo bila vichwa kufuata mchoro, ubao wote nikaupaka mshumaa. Kijiti cha juu cha milimita 3 kwa 5 nakiloweka maji ya moto kidogo ndio kikubali kupinda kwa pua ya bawa, nakibana katikati ya misumari, cha chini hivyo hivyo, halafu vijiti vifupi vya kusimama na vya kulala kama vile paa la nyumba lina kenchi. Kila kona inapata kipande cha plaiwudi nyembamba kama ukucha wa kidole gumba, tone la gundi, peg ya nguo. Baada ya nusu saa unaung'oa na kisu taratibu, ukitoka unatoa kamlio kadogo, unaweka pegs za upande wa pili. Zangu 26 zilinichukua karibu mwezi, mbili kwa jioni siku stima iko. Ya kwanza ilikuwa gramu 19, ya mwisho gramu 14, na si eti nilibadilisha mbao, nilijifunza kupunguza gundi.

Nunua mizani ya jikoni ya gramu na uandike uzito kwa kila kipande na penseli. Utaona aibu, na hiyo aibu ni nzuri.

Mbona ndege ya rafiki yangu iliruka poa Kisumu na ilipoletwa Nakuru ikasumbua?

Hili ndilo swali kubwa na karibu hakuna anayeliuliza kabla hajavunja kitu.

Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, Eldoret imepita 2,000. Hewa inapungua ukipanda: Kisumu iko chini ya ile ya baharini kwa kama asilimia 10, Nakuru kama 17. Na hiyo ni kwa siku ya baridi ya kwenye vitabu, jua likiwaka saa saba mchana inakuwa nyepesi zaidi. Bawa linabebwa na hewa, propela inasukuma hewa, injini inapumua hewa. Zote tatu zinanyimwa kwa wakati mmoja.

Tuchukue Cub yetu ya kilo 8 na nusu. Karibu na bahari itashindwa kukaa hewani ikishuka chini ya kilomita 36 kwa saa hivi. Hapa Nakuru, ndege ile ile, uzito ule ule, inaanguka ikifika 40. Unaona nne ni kidogo, lakini maana yake inahitaji kukimbia zaidi chini ndio ipae na inakuja kutua kwa kasi zaidi, na wewe macho yako yamezoea ile ya Kisumu, unaivuta pua juu mapema, bawa linaachilia, kwisha. Ukiwa na ile ya kilo 12 hapo hapo Nakuru inakuwa karibu 47. Ndio maana napiga kelele kuhusu gramu. Mtu wa Mombasa anaweza kusamehewa kilo moja zaidi, wewe wa Njoro hapana.

Injini nayo inapoteza kama asilimia 3 kwa kila futi elfu moja, Nakuru ni kama futi 6,000, kwa hivyo hesabu asilimia 18 imeenda. Ramani ikisema injini ya sisi (cc) 26, hapa weka 30 au 35. Lakini mtego uko kwa kabureta. Ukipanda kutoka Kisumu, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa, injini inatoa moshi na kukohoa, unakaza sindano, ile skrubu ya kupimia petroli, kidogo, poa. Ukishuka kwenda Kisumu na sindano ya Nakuru ni kinyume, hewa ni nyingi petroli ni kidogo, na injini ya tu-stroki hupata oili yake ndani ya petroli, kwa hivyo itaimba vizuri sana kwa dakika mbili halafu ichemke na kujam. Kwa hivyo ukishuka, kabla ya kuwasha, fungua sindano kwanza, halafu uanze kutafuta upya.

Naweza kutumia injini ya mashine ya kukata nyasi?

Watu wamefanya dunia nzima, na hizo za sisi 43 na 52 ziko kwa kila hadwea. Shida ni uzito: ina flaiwili nzito, klachi, kifuniko cha kamba ya kuvutia. Itabidi uvue vyote hivyo, uchongewe kishikio cha propela na mtu wa lethi anayejua kazi, manake kikiwa nje hata kwa unywele mtetemo utakulegezea kila skrubu. Injini iliyotengenezwa kwa ndege, mfano DLE 30, ni karibu kilo moja bila silensa. Nilijaribu ya nyasi kwa ile ndege ya kwanza, ikawaka, ikanguruma vizuri, ikanilazimisha kuweka risasi ya kuvulia samaki mkiani ili ndege isimame sawa. Singerudia.

Na propela: hiyo ya inchi 18 inazunguka mara elfu kadhaa kwa dakika, haina huruma na vidole. Funga mkia kwa kigingi kabla ya kuwasha, vaa glovu nzito, na hakuna mtu anasimama mbele wala pembeni usawa wa propela. Watoto wa mtaa watajaa, hiyo ni lazima, weka mtu mzima mmoja kazi yake ikiwa ni watoto tu.

Na mota ya umeme?

Mota haipumui, kwa hivyo haipotezi nguvu kama injini, ni propela tu inapungukiwa, na hilo kwa huku kwetu ni jambo zuri sana. Ila ndege ya ukubwa huu inataka betri za seli 8 mpaka 12, na betri za lithiamu peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, kwa hivyo kuzifikisha ni safari.

Redio na sevo?

Redio ya 2.4 GHz ya kampuni inayojulikana, usibahatishe. Sevo, zile mota ndogo za kusukuma vibawa vya usukani, za torki ya kilo 10 kwa sentimita ama zaidi, gia za chuma, moja kwa kila ailironi (kibawa cha nyuma ya bawa cha kulaza ndege upande) na kwa kila nusu ya eleveta (kibawa cha mkiani cha kuinua na kushusha pua), ndio ikifa moja ubaki na nyingine. Betri mbili za risiva (kipokezi cha redio ndani ya ndege), swichi mbili. Ignisheni na betri yake mbali na risiva.

Sasa ile ya kwenye dari. Fimbo ya kusukuma eleveta ilikuwa ya mbao, na kwa ncha zake nilitia spoku ya baiskeli iliyokunjwa. Spoku ni nzuri, milimita 2 na ina nyuzi zake za skrubu tayari. Kosa langu lilikuwa kuifunga kwa superglu tu na uzi, eti nitarudia na epoksi baadaye. Safari ya nne, shamba moja upande wa Rongai, nikaishusha kidogo ikaongeza kasi, nikavuta, sevo ikavuta, spoku ikateleza ndani ya fimbo. Sikusikia chochote, niliona tu pua haiji juu. Ilizama kwa mahindi ya mzee jirani, ukimya, halafu kunguru wakaruka. Tulipofika mzee alikuwa ameshafika, anahesabu. "Kijana wangu," akasema, "hii ndege yako imekula mistari miwili." Nikalipa debe moja, tukaokota vipande kwa gunia, na akatuitia chai. Injini ilipona. Siku hizi spoku inapigwa shimo, inakunjwa ndoano, inaingia kwa shimo, ndio uzi na epoksi.

Nafunika na nini?

Filamu za kupiga pasi za nje ni nzuri na ni ghali. Mimi natumia lining ya polyester, ile ya ndani ya koti, kwa duka la vitambaa. Kabla ya kununua mita kumi nunua robo, chora mraba wa sentimita 10, pitisha pasi ya moto, pima tena. Isiposinyaa hata kidogo achana nayo, itakaa na mikunjo milele. Ibandike kwa gundi nyeupe iliyolegezwa na maji, pasi ikaze taratibu ukibadilisha upande ndio bawa lisijipinde, halafu vanishi ya maji mara mbili, nyembamba.

Watu wa Kisumu, vanishi pakeni ndani ya nyumba na taa ya nje izimwe. Nilisaidia kufunika bawa moja karibu na Dunga, tukaliacha barazani likauke, wale wadudu wa ziwa wakaja kama moshi. Hilo bawa hadi leo ukilipapasa lina vipele.

Uzito uko wapi, mbele ama nyuma?

Kwa Cub ya robo bawa lina upana wa sentimita 40. Ndege ikiinuliwa na vidole viwili chini ya bawa, sentimita 10 mpaka 11 kutoka ukingo wa mbele, tangi likiwa tupu, isimame sawa au pua iiname kidogo. Mkia ukiwa mzito usiruke, hata kama watu wamekuja kutoka mbali kuona. Na ujue gramu moja ya mkiani inadai gramu tatu hivi puani, kwa hivyo mkia ndio sehemu ya kuwa bahili kuliko zote.

Nirushie wapi na saa ngapi?

Mashamba ya ngano upande wa Njoro na Rongai baada ya kuvuna, kwa ruhusa ya mwenyewe, na sio ruhusa ya mchungaji uliyemkuta. Upande wa Kisumu tambarare za Kano zikiwa kavu. Saa moja mpaka saa tatu asubuhi: hewa ni baridi kwa hivyo ni nzito, upepo haujaamka. Mchana Nakuru vumbi linaingia kwa kabureta, weka soksi ya kuchuja, na Kisumu upepo wa ziwa unaanza halafu mvua ya jioni.

Sijawahi kurusha chochote, nitajifunza na hii?

La. Nunua kandege kadogo ka foomu na simuleta ya simu ama kompyuta, uvunje hako mara tano. Halafu siku ya kwanza ya ndege kubwa mpe mtu mwenye uzoefu, wewe simama nyuma yake mikono mfukoni. Ni ngumu, najua.

Itachukua muda gani, na pesa?

Yangu ya pili, mwaka mmoja na miezi minne. Pesa, zaidi ya nusu inakwenda kwa injini, redio na sevo, mbao na kitambaa ni kitu kidogo. Hiyo ndiyo raha yake, unaweza kujenga mwaka mzima kwa pesa ya mfukoni huku ukiweka ya injini kando. Wengi hununua injini kwanza halafu inakaa kwa boksi miaka mitatu, na mmoja wao ananisoma sai.

Naweza kuja kuona?

Kuja Jumamosi jioni, niko na bawa la kulia la Gipsy Moth kwa meza. Kuja na pegs zako, zangu mke wangu amezichukua.